Ndege ya karatasi iliyoruka Makupa ikatua Doha

Hakuna mtoto wa Makupa asiyejua kukunja ndege ya karatasi. Amefunzwa na nani, hakuna ajuaye. Mmoja humwonyesha mwenziwe darasani wakati mwalimu amegeukia ubao, na kabla ya kengele ya mapumziko kulia, darasa zima lina ndege. Maisha ya ndege hizo ni mafupi. Hurushwa mara tatu nne, zikagonga ukuta, zikapinda pua, kisha zikaishia mtaroni pamoja na maganda ya ndizi. Mzazi akiziona huuliza swali moja tu: karatasi hii imetoka daftari gani?

Swali hilo, msomaji mpenzi, ndilo lililonifanya mimi mtu mzima wa miaka thelathini na ushei niketi sakafuni na mkasi na gundi, nikajifunza kutengeneza ndege ya karatasi inayoruka kweli. Sisemi ile ya kukunja. Nasema ndege ya kukatwa na kugandishwa, yenye kiwiliwili, mabawa na mkia, ambayo ukiiachia mkononi haipigi mbizi kama jiwe bali huelea kwa utulivu mpaka ikagusa chini kwa tumbo. Ndege kama hiyo haihitaji mashine wala betri. Huhitaji vipimo, subira, na mtu wa kuandika yaliyotendeka.

Daftari lililokonda

Dada yangu mkubwa amepanga vyumba viwili Makupa, upande wa Majengo, katika nyumba ya Kiswahili ya zamani: vyumba vitatu huku, vitatu kule, na katikati ujia mrefu unaotoka mlango wa barazani hadi uani. Mumewe aliondoka mwaka jana mwezi wa Machi kwenda Doha, nchini Qatar, kufanya kazi ya ulinzi kwa mkataba wa miaka miwili. Siku ya safari tulimsindikiza kwa matatu ya kukodi, tukavuka daraja jipya la Makupa lililofunguliwa mwaka 2022, tukapita Changamwe hadi Uwanja wa Ndege wa Moi.

Mpwa wangu alikuwa na miaka 11, yuko Gredi ya Tano. Hakulia uwanjani. Aliuliza tu ndege ile ina uzito gani na vipi yaweza kuinuka na watu wote wale na masanduku yao. Kwa kuwa kila mtu alikuwa akifuta machozi, hakuna aliyemjibu.

Baada ya siku hiyo mtoto akapungukiwa na maneno. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko ya babake, simu ililia na mazungumzo yao yalikuwa yale yale. "Hujambo baba?" "Sijambo." "Wasoma?" "Nasoma." "Wamsikiza mamako?" "Namsikiza." "Haya, mpe simu." Saa za Doha na za Mombasa ni mamoja, wala hakuna aliyekuwa na haraka. Walikosa tu la kusema.

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni dada akanipigia simu. "Kakangu, njoo umwone mwanao." Nilipofika nilikuta daftari la Hisabati juu ya meza. Lilinunuliwa lina kurasa 96. Nikazihesabu, zilikuwa zimebaki 58. Juu ya jalada mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba mzazi afike shuleni.

"Mimi nimechoka," dada akaniambia. "Hela za madaftari zatoka wapi? Babake yuko kule asimama juani ili huyu asome, naye yuwang'oa kurasa kurusha dirishani. Mchukue umfunze adabu, weye ndiwe mjombake."

Ukanda ulikuwa umetundikwa msumarini, na mtoto alikuwa akiutazama. Nikamwambia, "Njoo barazani, mwanangu." Kazi yetu sisi waandishi ni kuuliza kwanza, na swali langu lilikuwa jepesi: ziko wapi hizo ndege? Nilidhani ataniambia zimetupwa. Akanipeleka uani, akainua karai kuukuu. Chini yake kulikuwa na ndege kumi na saba, kila moja ina nambari ubavuni.

"Hii yafika mlango wa chumba cha pili, mjomba. Hii hugeuka kushoto siku zote. Hii haifai, yaanguka tu."

"Na hii kubwa?"

"Hiyo naijaribu nione kama yafika."

"Yafika wapi?"

Hakujibu, nami sikulirudia swali.

Tulirudi ndani nikamwomba dada anipe mwezi mmoja. Kwa mtoto nikaweka masharti mawili. La kwanza, hatang'oa tena ukurasa hata mmoja. Tutatengeneza ndege moja ya kweli kwa karatasi ambayo haina kazi tena. La pili, nitanunua daftari jipya la Hisabati, na lile lililokonda litakuwa daftari la ndege. Kila tutakachokata, kupinda au kuongeza, kitaandikwa humo. Dada alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa mgonjwa wa pili, lakini alikubali.

Mchezo wenye historia ndefu

Kabla mzazi hajasema kwamba haya ni mambo ya kitoto, ni vyema akumbuke yalikoanzia. Mwaka 1871 Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha mjini Paris ndege ndogo ya mfano iliyoendeshwa kwa mpira uliosokotwa, ikaruka kwa utulivu mbele ya watu. Mwaka 1878 huko Marekani, mzee Milton Wright aliwaletea wanawe kichezeo kilichobuniwa na Pénaud huyo huyo, kilichoundwa kwa karatasi, mianzi na kizibo. Wilbur alikuwa na miaka 11, umri sawa na wa mpwa wangu, na Orville alikuwa na miaka 7. Kichezeo kilipovunjika wakaunda vingine wenyewe. Walipojaribu kukifanya kikubwa zaidi, kiligoma kuruka vizuri, na jambo hilo likawashangaza. Tarehe 17 Desemba 1903 ndugu hao wawili wakairusha ndege yao yenye injini. Safari ya kwanza ilichukua sekunde 12, mwendo wa mita 36 na nusu hivi.

Karatasi nayo haijaachwa nyuma. Mwaka 1967 gazeti la Scientific American lilifanya mashindano ya kimataifa ya ndege za karatasi, na maingizo karibu 12,000 yakatumwa. Miongoni mwa walioibuka na ushindi alikuwemo mhandisi wa Kijapani, Yasuaki Ninomiya, ambaye baadaye alibuni ndege nyingi za kukata na kugandisha ambazo watoto wa nchi mbalimbali wamezijenga majumbani. Mjapani mwingine, Takuo Toda, alikunja karatasi moja mwaka 2010 bila kukata wala kutia gundi, akairusha ikakaa hewani sekunde 29.2. Mwezi wa Desemba 2022 wahandisi wa Marekani, Dillon Ruble na Garrett Jensen, waliweka rekodi ya dunia ya masafa, mita 88.31. Linganisha na safari ile ya kwanza ya ndugu Wright.

Nilipomsomea mpwa wangu tarakimu hizo aliziandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari la ndege, akapiga mstari chini ya 29.2.

Kadi za harusi

Karatasi ya daftari ni laini mno kwa kazi hii. Bawa lake hulegea. Inayofaa ni karatasi ngumu kama manila, lakini kwetu Mombasa kuna hazina ambayo kila nyumba inayo na hakuna aijuaye kazi yake, nayo ni kadi za harusi. Msimu wa harusi ukipita, kabati hujaa kadi nzito, nzuri, ambazo mtu huona haya kuzitupa. Kalenda za ukutani za mwaka uliopita nazo zafaa. Dada alitupa kadi tisa. Mbili zilikuwa za ndoa ambazo, kwa maneno yake mwenyewe, "zishakwisha siku nyingi."

Karatasi ina nyuzi kama ubao. Kamata kadi kwa ncha moja ikae kama ulimi hewani, kisha uigeuze ukamate upande mwingine. Utaona upande mmoja inalegea zaidi. Mabawa yakatwe nyuzi zikienda kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili, na kiwiliwili kikatwe nyuzi zikienda kutoka puani hadi mkiani. Ukikosea hapo, ndege itapinda kabla haijarushwa.

Vipimo tulivyofuata ni hivi. Kiwiliwili kina urefu wa sentimita 22 na kimo cha sentimita moja na nusu, nacho ni vipande vinne vilivyogandishwa pamoja. Vipande viwili vya nje viachiwe ndimi juu, zikunjwe nje ili bawa likalie hapo. Bawa ni kipande kimoja cha sentimita 24 kutoka ncha hadi ncha, upana wake sentimita 5 katikati na 4 kwenye ncha. Ukingo wake wa mbele ukae sentimita 6 kutoka puani. Mkia wa kulala una sentimita 9 kwa 3, na mkia wa kusimama una kimo cha sentimita 3. Tumia gundi nyeupe, tena kidogo sana, kwa sababu gundi ni uzito. Kisha bana kiwiliwili usiku kucha chini ya kitu kizito ili kisipinde. Sisi tulitumia kamusi.

Wembe ushikwe na mtu mzima. Mtoto ashike rula, penseli na mkasi.

Siku ya pili bawa lilipitishwa taratibu kwenye ukingo wa meza hadi mgongo wake ukainuka milimita mbili hivi, mfano wa paa la mashua lililopinda kidogo. Mgongo huo husaidia bawa kuisukuma hewa chini, nayo hewa hulisukuma bawa juu. Hilo ndilo jibu la swali lake la uwanjani: ndege ile kubwa ya babake ilikuwa ikisukuma hewa nyingi mno kwenda chini, tani kwa tani, ndipo ikaweza kubeba watu na masanduku yao. Alisikiliza bila kupepesa macho.

Baada ya hapo ncha za mabawa ziliinuliwa sentimita mbili na nusu kila upande, zikawa kama herufi V iliyofunguliwa sana. Ndege ikielemea upande mmoja huanza kuteleza upande huo, bawa lililo chini likapokea hewa kwa nguvu zaidi na kusukumwa juu, ndege ikakaa sawa yenyewe. Rubani wa kuishika hayumo, kwa hivyo umbo lake ndilo rubani wake.

Mombasa ina unyevu, na karatasi hunywa hewa ya bahari ikalegea. Dawa yake tuliipata kwenye meza ya kujirembea ya dada: rangi ya kucha isiyo na rangi, ukipaka mstari mwembamba kwenye ukingo wa mbele wa mabawa. Ikikauka, ukingo huwa mgumu kama ukucha wenyewe. Dada alituuliza tutamlipa lini.

Pua nzito na ujia usio na upepo

Ndege iliyomalizwa kwa gundi bado haijawa ndege. Iweke juu ya ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, sentimita mbili nyuma ya ukingo wa mbele. Lazima isimame mizani hapo. Yetu ilianguka kwa mkia, maana yake pua ilikuwa nyepesi. Tukabana klipu moja ya karatasi puani, haikutosha, tukabana ya pili. Ikasimama.

Wengi hukimbilia nje kurusha. Wakati ule kusi ilikuwa ikivuma, na upepo wa kusi hautambui ndege ya gramu saba. Lakini nyumba ya Kiswahili imejaliwa ujia. Ukifunga mlango wa barazani na wa uani, hewa hutulia kabisa, na una uwanja mwembamba wa hatua kumi na tano. Wapangaji wenzake dada walizoea kuchungulia kabla ya kutoka vyumbani, na bibi mmoja wa chumba cha mbele akawa ndiye mwamuzi, ameketi mkekani akitangaza kila ndege imetua mlango wa nani.

Hapo ndipo kazi ilipo. Unaisukuma ndege taratibu, pua ikitazama chini kidogo, kisha unatazama. Ikipiga mbizi, pinda ukingo wa nyuma wa mkia wa kulala juu kwa upana wa uzi. Ikiinua pua, ikasita, ikashuka, ikainua tena kama dau kwenye mawimbi, pinda ukingo huo chini au ongeza uzito puani. Ikigeuka kushoto, kwanza itazame kutoka mbele kama bawa moja limejipinda. Likiwa sawa, pinda ukingo wa mkia wa kusimama kwenda kulia. Badilisha jambo moja tu kila mara. Ukibadilisha mawili, hutajua lipi limesaidia.

Mpwa wangu aliandika yote. Ninalo daftari mbele yangu ninapoandika haya. Mrusho wa 1: "imepiga mbizi, hatua 4." Mrusho wa 2: "mkia juu kidogo, hatua 6." Mrusho wa 9: "inapanda na kushuka, nimezidisha." Mrusho wa 14: "moja kwa moja, hatua 12, sekunde 2." Chini ya huo bibi wa chumba cha mbele alimwamuru aandike kwamba ilitua mlangoni pake, naye akaandika.

Shibiri ya nani?

Ijumaa iliyofuata simu ya Doha ililia. "Hujambo baba?" "Sijambo." "Wasoma?" Mara hii mtoto hakujibu "nasoma." Alisema, "Baba, nina ndege. Yaruka ujia mzima."

Nilikuwa nimeketi pembeni nikajifanya nasoma gazeti. Alimweleza babake habari nzima, kadi, gundi, klipu, rangi ya kucha. Babake akamuuliza bawa lina ukubwa gani. Daftari lilikuwa chumbani, kwa hivyo mtoto akapima kwa mkono. "Shibiri moja na nusu." Na kiwiliwili? Mkia? Vyote akavipima kwa shibiri na vidole, kama fundi wa zamani.

Siku mbili baadaye ukaja ujumbe wa video. Shemeji yangu amesimama kwenye ujia wa bweni lao, amevaa kikoi, mkononi ana dude kubwa lililokatwa kwenye maboksi ya bidhaa. Akalirusha. Mabawa yakakunjamana juu kama ya kipepeo, likadondoka miguuni pake, na wenziwe nyuma wakaangua kicheko. Naye alicheka. Dada alisema hajamsikia mumewe akicheka tangu aondoke.

Mpwa wangu hakucheka. Alimpigia babake simu yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza. "Baba, shibiri yako ni sentimita ngapi?" Kule Doha ikatafutwa rula, ikakosekana, wakaazima kwa jirani. "Ishirini na mbili." "Yangu ni kumi na sita." Kimya kidogo. Kisha mtoto akapiga hesabu kwenye daftari: shibiri moja na nusu ya Makupa ni sentimita 24, na ya Doha ni sentimita 33.

Shemeji alikuwa amekuza kila kitu kwa kadiri sawa, kwa hivyo umbo lilikuwa lile lile. Lililomshinda ni lile lililowashangaza wana wa mzee Wright: ukikuza kitu, uzito wake na mizigo inayokibana haviongezeki kwa kadiri moja na urefu. Ndugu Wright waliandika miaka mingi baadaye kwamba chombo chenye vipimo maradufu huhitaji nguvu mara nane. Bawa la shemeji lilikuwa refu zaidi lakini karatasi yake haikuwa ngumu vya kutosha kulishikilia.

Mtoto akafungua daftari akamsomea babake vipimo vyote kwa sentimita, polepole, babake akiandika upande wa pili. Simu ile ilichukua dakika arubaini. Hakuna aliyeuliza "wasoma?"

Ndege ya pili ya Doha iliruka, ila iligeuka kushoto ikagonga ukuta. Ijumaa ile nilishuhudia jambo ambalo sitalisahau. Mpwa wangu, ameshika simu ya mamake, alimwambia babake: "Ishike mbele ya uso wako, nizione mbawa. Hapana baba, karibu na taa. Waona bawa la kushoto limejipinda nyuma? Lirudishe. Kidogo. Kidogo tena." Na yule mtu mzima, mlinzi wa zamu ya usiku, alitii kila neno kama mwanafunzi. Ndege ikaenda moja kwa moja, ikatoka nje ya picha.

Mtoto aliyeondokewa na mzazi kwa sababu ya kazi hujiona hana la kumpa. Kila kitu hutoka kule: karo, viatu, madaftari, nasaha. Kwa dakika zile kitu kilitoka Makupa kwenda Doha, na kikapokewa kwa shukrani.

Tulichopata na tusichopata

Nisije nikaonekana nauza dawa ya maajabu. Mpwa wangu hajawa wa kwanza darasani. Hesabu za sehemu bado zamtoa jasho. Bado kuna siku ananyamaza, hasa ndege inapopita usiku juu ya maji kuelekea uwanjani. Mkataba wa babake haujakwisha, na karatasi haiwezi kuufupisha.

Lakini daftari jipya la Hisabati halijapoteza ukurasa. Wastani amejifunza bila kufunzwa, kwa kuwa mimi na babake tulibishana ndege ya nani ni bora, naye akaamua kila upande urushe mara tano, ajumlishe sekunde, agawe kwa tano. Mshindi alikuwa Doha, kwa nukta mbili za sekunde. Mtoto alidai wana ujia mrefu. Dada naye alienda shuleni alikoitwa, akiwa na madaftari yote mawili, lenye kurasa na lililokonda.

Kusi ilipolegea tulianza kwenda uwanja wa Tononoka Jumapili alfajiri, kabla upepo haujaamka na kabla ya wacheza mpira kuja. Huko nje ndege ikirushwa juu kwa nguvu hukaa hewani sekunde sita, wakati mwingine saba. Kutoka hapo hadi 29.2 ni mbali, na mpwa wangu anajua ni mbali kiasi gani, kwa kuwa amepiga hesabu.

Mzazi utakayejaribu, tafadhali usimruhusu mtoto arushe karibu na barabara. Akili yote ya mtoto huwa juu, na matatu na tuktuk ziko chini. Dari la ghorofa nalo si uwanja wa ndege. Ujia, ukumbi, au uwanja wa shule siku ya mapumziko watosha. Gharama si ya kutisha: sisi tulinunua gundi na klipu tu, na vilivyobaki vilikuwa ndani ya nyumba.

Na wewe uliye mbali, uwe Doha, Muscat, Nairobi au melini, ukipiga simu nyumbani usiulize tu kama mtoto anasoma. Atakujibu "nasoma" na simu itaisha. Muulize kitu chenye kipimo: bawa lina sentimita ngapi, na jana ilifika mlango wa nani.